Kupima Theluji na Udongo Kabla Gari Halijakanyaga Tundra: Mwongozo wa Anayeanza

Kila ikifika Oktoba napokea maswali yaleyale. "Kaka, nimepata kazi ya kupima theluji North Slope, nianzie wapi?" "Hewa imeshuka hadi −20, mbona bado wanakataza magari?" "Hiyo −5 wanayoisema inapimwa wapi?" Wanaouliza ni vijana wetu waliokuja Alaska kusoma au kufanya kazi, na wengi wao walikuwa hawajawahi kushika theluji hata kwa mkono. Nimechoka kujibu vipande vipande, tena jibu la kipande humwingiza mtu kwenye kosa. Nimeyaandika yote hapa. Soma hadi mwisho kabla hujafunga mkoba.

Kwanza elewa unapima nini. North Slope ni nchi iliyo kaskazini ya milima ya Brooks, inayoshuka taratibu hadi Bahari ya Aktiki. Ni tundra, yaani nchi ya baridi isiyo na miti, yenye mimea mifupi tu. Chini yake udongo umeganda mwaka mzima, na hapo Prudhoe Bay mgando huo unakwenda chini zaidi ya mita 600. Juu kuna tabaka jembamba linaloyeyuka wakati wa kiangazi, na juu ya hilo kuna zulia la mimea midogo laini kama sifongo, mizizi na mboji. Zulia hilo ndilo linalozuia joto la jua lisifike kwenye barafu ya chini. Gari likilichana au kulikandamiza, barafu inayeyuka, ardhi inazama, maji yanatuama, na maji yanazidi kuyeyusha. Waliokulia karibu na mbuga wanajua gari linavyochimba udongo mweusi wakati wa masika. Tofauti ni kwamba mbuga ikikauka, mvua mbili tatu zinaweza kuifuta ile njia. Huku haifutiki. Njia za wachimbaji wa mafuta wa miaka ya 1940 bado zinaonekana ukiwa ndani ya ndege, na baadhi ya njia za utafiti wa mwaka 1984 na 1985 katika hifadhi ya Aktiki nazo zilikaa miongo kadhaa.

Kwa hiyo kwenye ardhi ya jimbo, Idara ya Maliasili ya Alaska haifungui tundra kwa magari mpaka vipimo viwili vitimie kwa pamoja:

Udongo uwe na nyuzi −5 za Selsiasi, au baridi zaidi, kwenye kina cha sentimita 30.

Theluji iwe na kina cha sentimita 15 maeneo ya pwani, au sentimita 23 maeneo ya vilima.

Maeneo yenyewe ni manne: pwani ya magharibi, pwani ya mashariki, vilima vya chini na vilima vya juu. Kila moja hufunguliwa kwa wakati wake, kwa hiyo habari kwamba "pwani imefunguliwa" haimsaidii mtu aliyeko vilimani. Ardhi ya serikali kuu ina masharti yake, usiyachanganye na haya. Zamani kipimo kilikuwa udongo kuganda sentimita 30 na theluji sentimita 15, na uamuzi ulitegemea sana mkono wa mtu anayepigilia fimbo chini. Baada ya majaribio ya magari kwenye viwanja vya pwani na vya vilima mwanzoni mwa miaka ya 2000, ndipo vipimo vya sasa vikawekwa. Haraka ya watu unaweza kuielewa: katika miaka ya 1970 tundra ilikuwa wazi zaidi ya siku 200 kwa mwaka, na ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 2000 siku zilikuwa zimepungua hadi karibu 100. Kila siku moja ina thamani kwa kampuni za mafuta. Kazi yako ni kuleta namba ya kweli, hata wakati hakuna anayetaka kuisikia.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Nguo na usalama sitavirefusha, maana mwajiri wako lazima akupe mafunzo. Nitasema matatu tu. Usitoke peke yako. Beba simu ya setilaiti na uiweke ndani ya koti, karibu na mwili, kwa sababu baridi inakula betri. Na karibu na pwani kuna dubu weupe, kwa hiyo mmoja wenu awe anaangalia pande zote wakati mwingine ameinama anapima.

Vifaa vya kazi ni hivi:

Fimbo ya chuma nyembamba ya kupimia theluji, yenye alama za sentimita. Ipo pia ya elektroniki iitwayo Magnaprobe inayorekodi kina pamoja na mahali ulipo. Ukiipata ni nzuri, lakini jifunze kwanza kwa fimbo ya kawaida.

Vihisi joto vya aina ya themista, angalau vitatu kwa kila kituo, pamoja na kinasa data chake.

Betri za lithiamu. Zile za kawaida za dukani huzimika mapema kwenye baridi ya huku.

Keekee yenye biti ndefu, sepeto ndogo, na kisu kirefu cha kukatia zulia la mimea.

Mrija wa kuchukulia theluji unaoujua eneo la mdomo wake, mfuko, na mizani ya kuning'iniza.

Nyundo ya kuteleza: fimbo yenye ncha, na uzito unaoanguka juu yake kutoka kimo kilekile kila mara.

Kamba ya kupimia ya mita 100, GPS mbili, daftari lisiloloa, na penseli. Kalamu ya wino acha nyumbani, wino unaganda.

Chupa ya chai ya moto. Vidole vilivyokufa ganzi haviandiki namba zinazosomeka.

Kuhusu ruhusa: kaskazini ya Mto Yukon, sheria ya jimbo inakataza magari ya nje ya barabara ndani ya maili 5, yaani kilomita 8, kila upande wa Barabara ya Dalton, isipokuwa kwa shughuli chache zilizotajwa kwenye sheria yenyewe. Kwa hiyo vituo vingi utavifikia kwa miguu au kwa ski. Panga muda wako hivyo. Kumbuka pia kwamba Deadhorse jua halichomozi kabisa kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari, na taa ya kichwani nayo inataka betri ya akiba.

Hatua kwa hatua

1. Chagua mahali kabla ardhi haijaganda. Kazi hii ni ya Agosti na mwanzo wa Septemba. Tafuta sehemu inayofanana na ardhi ambayo magari yatapita. Pwani ni majani ya kinamasi na maumbo ya ardhi yenye pembe nyingi, yaliyoinuka kingoni na kubonyea katikati. Vilimani ni vishungi vya nyasi, kimoja kimoja, vyenye kimo cha goti la mtoto. Kaa mbali na barabara, mita mia kadhaa kwa uchache. Tuta la barabara hukusanya theluji iliyopeperushwa, na vumbi lake hubadilisha namna ardhi inavyoyeyuka. Kituo kilichowekwa kando ya barabara kwa sababu ni rahisi kukifikia kitakupa namba za barabara, wala si za tundra.

2. Jaribu kila kihisi kwenye maji ya barafu. Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, na ndiyo inayoharibu msimu mzima. Ponda barafu ya maji safi, jaza chupa pana ya chai, mimina maji baridi kidogo mpaka iwe rojo. Tumbukiza vihisi, koroga, subiri dakika 15. Kihisi kilicho sahihi kitasoma 0.0. Kisiposoma hivyo, andika tofauti yake kwenye daftari na kwenye waya wenyewe kwa utepe.

Angalia tofauti hiyo ina maana gani. Kihisi cha kwanza kimesoma +0.3 kwenye barafu. Maana yake kinazidisha kwa 0.3, kwa hiyo utakitolea 0.3 kila mara. Kikisoma −4.8 mwezi Desemba, ukweli ni −5.1, na kipimo kimetimia. Kihisi cha pili kimesoma −0.3 kwenye barafu, kwa hiyo utakiongezea 0.3. Kikisoma −5.2, ukweli ni −4.9. Bado. Ukikosea alama ya kujumlisha na kutoa, utafungua ardhi isiyo tayari na kuifunga iliyo tayari.

3. Fukia vihisi. Kata kipande cha zulia kwa kisu, kikiwa kizima kama mfuniko wa sufuria, ukiweke kando juu ya turubai. Chimba shimo dogo. Weka udongo wa kila tabaka kwenye rundo lake. Pima kutoka usoni mwa ardhi, na hapa mkubaliane mapema: je, uso ni ncha za mimea, au ni pale kiganja kinapokwama ukibonyeza kidogo? Mimi natumia kiganja, na naandika hivyo kwenye kila ripoti. Sentimita tatu nne za tofauti hapo ni siku kadhaa za tofauti baadaye.

Chomeka kihisi kimoja kwenye sentimita 5, kingine 15, kingine 30, kwa kukisukuma ubavuni mwa ukuta wa shimo ambao hujauchimba. Waya usiupandishe moja kwa moja. Uache ulale kwenye kina kilekile kwa sentimita 20 au 30 ndipo upande, maana chuma cha waya hubeba baridi ya juu kuipeleka kwenye kihisi. Rudisha udongo kwa mpangilio wake, maliza na ule mfuniko. Waya ulio juu uingize kwenye bomba gumu. Mbweha wa Aktiki hutafuna waya.

Kama umechelewa na ardhi imeshaganda juu, utatoboa kwa keekee na kujaza tundu kwa udongo uleule uliolowa. Usisome siku hiyo. Keekee huacha joto, na tundu linahitaji siku kadhaa kutulia.

4. Subiri pazia la sifuri lipite. Hapa ndipo simu huongezeka. Hewa imeshuka hadi −15, kihisi cha sentimita 30 kinasoma −0.1 leo, kesho na wiki ijayo. Watu hudhani kimekufa. Hakijafa. Maji yaliyo ndani ya udongo yanapogeuka barafu hutoa joto, na mpaka maji yale yaishe kuganda, joto la udongo hukwama karibu na sifuri. Hali hiyo huchukua wiki kadhaa, na kwenye udongo uliolowa sana hupita mwezi.

Zaidi ya hapo, theluji nayo ni blanketi. Ikianguka nyingi mapema Oktoba, inaufunika udongo wenye joto na kuuchelewesha kuganda. Ndiyo maana mwaka wenye theluji nyingi ya mapema unaweza kuwa na tundra inayochelewa kufunguliwa, jambo ambalo wageni hawaliamini mpaka waone. Theluji ileile inayolilinda zulia dhidi ya gari ndiyo inayoukinga udongo dhidi ya baridi. Wenye kibali hupita mapema na magari mepesi yenye matairi mapana ili kuishindilia theluji mahali pa njia, baridi ipenye. Lakini hiyo ni kwa kibali tu, na kwenye mstari uliopangwa.

Na kwa nini −5, kwa nini isiwe sifuri? Kwa sababu udongo wa chembe ndogo bado una maji yasiyoganda hata kwenye −1 au −2. Unauona mgumu juu, lakini ukiuweka mzigo unabonyea. Ukifika −5 maji hayo yamepungua sana na udongo umekaza. Karibu na bahari, palipo na chumvi, mgando huchelewa zaidi, kwa hiyo andika kama kituo chako kiko kwenye ardhi inayofikiwa na mawimbi ya dhoruba.

5. Pima kina cha theluji kwenye mstari, kamwe usipime pointi moja. Tandika kamba mita 100. Pima kila mita 2, upate vipimo 50. Tembea upande mmoja wa kamba na upime upande wa pili ambao haujakanyagwa. Fimbo ishuke palepale alama ya kamba ilipo. Usichague. Mkono wa binadamu hupenda kusogea mahali theluji inapoonekana nzuri, na hilo hutokea hata kwa mtu mwaminifu. Palipo na sifuri andika sifuri.

Sasa kosa kubwa kuliko yote. Mwanzoni mwa msimu zulia la mimea halijakaza. Fimbo inapita theluji, inapita na zulia, inagonga udongo, nawe unaandika yote kuwa theluji. Oktoba yangu ya kwanza pwani nilipata wastani wa sentimita 19 nikafurahi. Mwenzangu, mama mmoja aliyefanya kazi hii muda mrefu, hakusema neno. Alipiga magoti, akafukua kwa mkono pembeni ya fimbo yangu mpaka majani ya kahawia yakaonekana, akaweka kidole pale theluji ilipoishia. Sentimita 13. Sita zilizobaki zilikuwa zulia. Tulirudia mstari wote gizani, na nilipomaliza nilijua kwa vidole tofauti yake: theluji inapokwisha fimbo husita kidogo, kisha huzama polepole kwa ulaini kama wa godoro, ndipo hugonga. Namba unayoitaka ni ya pale iliposita. Kwa hiyo kila mstari fukua pointi 5 hadi 10 kwa mkono ulinganishe. Tofauti ikizidi sentimita 2, punguza presha ya mkono au funga kisahani kipana kidogo kwenye ncha ya fimbo.

Vishungi vya nyasi vina tabu yake. Juu ya kishungi theluji ni sentimita 5, na kwenye upenyo wa pembeni ni 35. Zote ni kweli, lakini kinachochanwa na mnyororo wa gari ni kichwa cha kishungi. Andika herufi moja pembeni ya kila kipimo: J kwa juu ya kishungi, K kwa kati ya kishungi na kishungi.

6. Pima uzito wa theluji. Sentimita 15 za unga mwepesi hazilindi chochote, gari linazikandamiza zikawa 3. Sentimita 15 zilizopigwa na upepo zikakaza ni jambo jingine. Chimba kidirisha kidogo ukaone matabaka. Mara nyingi huku utakuta juu gamba gumu la upepo, na chini punje kubwa zinazomwagika kama sukari. Sukari hiyo haibebi uzito.

Zamisha mrija wima mpaka ardhini, pitisha bamba jembamba chini ya mdomo ili sukari isimwagike, toa majani yaliyoingia, mimina kwenye mfuko, pima. Mfano: mdomo wa mrija una eneo la sentimita za mraba 30, theluji ina kina cha 18, uzito ni gramu 162. Ujazo ni 30 mara 18, yaani 540. Gawa 162 kwa 540 upate densiti ya 0.30. Ikiyeyuka, theluji hiyo ni maji ya sentimita 5.4. Fanya angalau mara tano kwenye kila mstari.

Mrija uache nje robo saa kabla ya kuanza. Ukiutoa kwenye gari lenye joto, theluji inayeyuka na kunata ndani, na kila uzito unaopata baada ya hapo ni wa uongo.

7. Piga nyundo. Ondoa theluji, weka ncha kwenye ardhi, angusha uzito kutoka kimo kilekile, hesabu mapigo kwa kila sentimita 5 mpaka 30. Namba zipande kadiri unavyoshuka au zibaki juu. Zikiwa 9, 11, 10, halafu ghafla 2, umekutana na tabaka laini lililobanwa katikati. Udongo huu huganda kutoka juu na pia kutoka chini kwenye mgando wa kudumu, kwa hiyo sehemu ya mwisho kuganda iko kati. Gari zito likipita hapo, gamba la juu hupasuka na matope hupanda. Piga mahali pasipopungua pa kumi kwa kila mstari, kisha rudisha theluji uliyoiondoa.

8. Andika ripoti isiyoficha. Usipeleke wastani peke yake. Tuseme mstari wa pwani una pointi 50, wastani ni sentimita 17. Inaonekana imepita. Ukifungua daftari unaona pointi 19 ziko chini ya 15, na 6 kati yake ni chini ya 5, zote kwenye kingo zilizoinuka ambako upepo umepangusa. Kingo hizo ndizo gari litakazozivuka moja baada ya nyingine. Kwa hiyo ripoti iwe na wastani, namba ya katikati ukivipanga vipimo kutoka kidogo hadi kikubwa, kipimo cha chini kabisa, idadi ya pointi zilizo chini ya kiwango na ziko wapi, joto la vina vyote vitatu baada ya marekebisho, densiti, tarehe, saa, GPS, na majina ya waliopima.

Andika vipimo kwa sentimita na Selsiasi, halafu weka inchi na Farenhaiti pembeni, kwa sababu huku wengi husema hivyo: sentimita 15 ni inchi 6, sentimita 23 ni inchi 9, na −5 ya Selsiasi ni 23 ya Farenhaiti. Usiandike kamwe "joto ni −5" bila kipimo chake.

Kufungua si kazi yako. Hata namba zako zikiwa nzuri, hakuna gari linaloingia mpaka idara itangaze.

9. Endelea kupima baada ya kufunguliwa. Januari upepo unaweza kupangusa theluji yote ya kilima kwa siku mbili. Aprili na Mei jua linarudi kwa nguvu, na theluji ya juu hulainika mchana kabla ya ardhi kuonyesha dalili yoyote. Vihisi vya sentimita 5 na 15 ndivyo vya kuangalia wakati huo, cha 30 huchelewa kukuambia.

Na kama utapata nafasi, rudi Julai na Agosti, utembee njia ileile kwa miguu. Hakuna anayekulipa vizuri kwa hilo, lakini ndipo utakapojua kama vipimo vyako vilikuwa vya kweli. Tafuta vishungi vilivyokatwa vichwa, maji yaliyotuama kwenye alama mbili sambamba, au mstari wa majani mabichi kuliko ya pembeni. Ubichi huo hupendeza macho, lakini mara nyingi ni alama ya ardhi iliyobonyea na kukusanya maji. Mwishoni mwa Agosti chomeka fimbo ndani ya njia na mita 5 nje yake, mara 20 kila upande. Fimbo ikizama zaidi ndani ya njia, mgando wa chini umeanza kuyeyuka.

Mambo yakienda kombo

*Kihisi kinasoma baridi isiyowezekana, kama −80.* Waya umekatika. Themista ikikosa mkondo hujionyesha kama baridi kali. Kikisoma joto kubwa mno, nyaya mbili zimegusana, mara nyingi kwa sababu ya maji kwenye kiungo.

*Kimekwama kwenye sifuri.* Soma hatua ya 4. Kisha tazama kihisi cha sentimita 15. Kikiwa kinashuka taratibu, kila kitu kiko sawa, subiri. Kama cha 15 kiko −8 na cha 30 hakijasogea kwa wiki tatu, piga nyundo karibu na kituo uone kama kuna maji chini.

*Joto la udongo limepanda katikati ya Desemba.* Angalia kwanza kama theluji imeongezeka juu ya kituo. Ikiwa kinasa data chako chenyewe kimekinga upepo na kujirundikia theluji, kituo kimejifunika. Kisogeze chombo mita chache upande upepo unakoelekea, usiifagie theluji iliyo juu ya vihisi, na andika ulichokuta.

*Watu wawili wamepima mstari mmoja wakapata tofauti ya sentimita 4.* Ni zulia. Wafukue pamoja pointi tano, wakubaliane fimbo inasita wapi, warudie. Usichukue wastani wa namba zao mbili.

*Kinasa data kimezimika.* Badilisha betri ukiwa umeipasha ndani ya koti. Pengo lililotokea liache wazi kwenye jedwali, usilijaze kwa kukadiria.

*Nyundo haiingii hata sentimita 5.* Huenda umegonga jiwe au kabari ya barafu. Sogea nusu mita ujaribu tena. Ikigoma mahali patatu, andika "imegoma" na idadi ya mapigo.

*Bosi anauliza kama −4.7 haiwezi kuandikwa −5.* Andika −4.7. Mwonyeshe mchoro wa siku kumi zilizopita, umwambie kwa kasi ile udongo unaweza kufika lini kama theluji haitaongezeka, na umwahidi kusoma tena kesho saa ileile.